Simu yenye kuita kwa taa

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Baraka. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali. Mwishoni tumeongeza maswali yaliyoulizwa.

 

Mmezoea mkutano uanze na ripoti ya pesa. Leo ripoti ya pesa itangoja kidogo, juu kuna deni lingine tunapaswa kulilipa kwanza, na deni hilo ni letu sisi komite.

Wote mnajua sheria ya likelemba yetu. Zamu yako ikifika, sekretere anakupigia simu. Usipopokea mara tatu, zamu inaenda kwa anayefuata ku orodha. Sheria hiyo tuliiweka sisi wenyewe, na tulikuwa na sababu. Kulikuwa watu wenye deni wanaoiangalia simu ikiita mpaka inachoka. Tukasema pesa za watu haziwezi kumngoja mtu anayejificha.

Basi, mu msimu wa kupanda, zamu ilifika kwa mama mmoja wa upande wa ziwa. Sekretere akapiga, kimya. Akapiga tena, kimya. Kesho yake akapiga mara ya tatu, kimya. Zamu ikaenda kwa mwingine. Mama akakosa pesa ya mbegu ya karanga, na shamba alilokuwa amekodi likalala na majani yake. Baada ya wiki mbili alikuja ofisini na simu mkononi. Hakupiga kelele. Alifungua ile simu, akatuonyesha namba ya sekretere imeandikwa mara tatu kwa rangi nyekundu, akasema: «Ilikuwa hapa mbele yangu, nikichambua maharagwe. Nani aliniambia kama inaita?»

Hatukuwa na jibu. Mama huyo hasikii vizuri, na hiyo haikuwa siri. Mu mikutano anakaa mbele kabisa, anaangalia midomo ya watu. Tulijua, lakini tulipiga mara tatu, tukaandika mu daftari neno «amekataa». Neno lile tumelifuta. Mama alikubali tulisimulie jambo hili bila jina lake, na zamu yake itarudishwa kabla ya msimu unaokuja. Hilo tutalipigia kura mbele.

Baada ya pale tukapitia orodha yote ya wanachama, jina kwa jina, tukauliza nyumba kwa nyumba: nani mu nyumba hii simu inaita na yeye hajui? Tulifikiri tutapata wawili watatu. Tulipata wengi kuliko hao. Na wengine ni wazee ambao tulizoea kusema wana kiburi, ukiwaita barabarani hawageuki. Kumbe si kiburi.

Tulipouliza masikio yaliharibika wapi, kila mtu alikuwa na habari yake. Kuna waliokuwa karibu na bomu au risasi wakati wa vita vya 1996 na vile vilivyofuata, na mlio ule haukutoka tena kichwani. Kuna walioumwa uti wa mgongo wakiwa watoto, ile meninjiti. Kuna waliotibiwa kwa kinini nyingi au kwa sindano kali, wakabaki na masikio yanayolia. Madawa hayo yanaokoa uhai, tusiyakatae, lakini ni kweli kama baadhi yake yanaweza kugusa masikio. Kuna wenye usaha wa tangu utoto usiotibiwa. Na wengine ni umri tu. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 430 duniani wenye upotevu wa kusikia unaohitaji msaada, zaidi ya watu 5 kwa kila 100. Sasa ukichukua watu waliopita vita, kambi na njia ya kurudi, msishangae tukiwa na wetu.

Wakati tuliporudi na meli kutoka Kigoma, miaka ile ya 2005 na kuendelea, hakukuwa shida hii ya simu. Mu kambi ya Lugufu, mu Nyarugusu, habari ilikuwa inapita kwa ubao na kwa kipaza sauti, na asiyesikia alikuwa anaona watu wanakimbilia upande gani, na yeye anafuata. Leo kila kitu kinapita mu simu: zamu ya likelemba, pesa inayotumwa na mtoto aliye mbali, habari ya mgawo, habari ya msiba, na ile habari ya «msipite njia hii leo». Aliyekuwa anafuata macho ya wengine sasa amebaki nyumbani na simu yenye kuita bure.

Njo maana tumekuja na jambo dogo. Simu nyingi kubwa, zile za kugusa kioo, zinaweza kuita kwa taa. Ile taa ndogo ya nyuma, karibu na kamera, ambayo ninyi mnatumia kama toshi ukienda chooni usiku, inaweza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kila mtu anapokupigia. Kwenye simu zingine kioo chenyewe kinawaka rangi. Hakuna cha kununua. Imo ndani ya simu tayari, ila imefungwa, na hakuna aliyetuambia. Sisi wenyewe tuligundua kwa sababu kijana mmoja wa chama alikuwa anatafuta namna ya kukuza maandishi kwa ajili ya babu yake, akaikuta hapo jirani.

Sasa tufuatane polepole. Wenye simu mkononi mnaweza kujaribu hapa hapa.

Ingia fasi ya kutengeneza simu, ile alama ya gurudumu lenye meno. Simu nyingi hapa kwetu zinasema Kifaransa, utaona «Paramètres». Ukiwa umeiweka Kiswahili utaona «Mipangilio». Shuka mpaka neno «Accessibilité», ambalo kwa Kiswahili cha simu wanaita ufikivu. Hapo njo kuna vitu vyote vya watu wenye shida ya macho, masikio na mikono. Ndani yake tafuta mstari wenye neno «flash». Simu za Android kuanzia toleo la 14, lililotoka 2023, zinao mstari huo, na ndani yake kuna vifungo viwili: kimoja cha taa ya kamera, kingine cha kioo. Cha kioo kinakuruhusu kuchagua rangi. Kuna na kifungo cha kujaribu, ukigusa taa inawaka uone kama umefaulu. Usiondoke hapo bila kujaribu.

Wenye Samsung, hata za miaka ya nyuma kidogo, nyingi wanayo, ila imejificha hatua moja zaidi: ukishaingia Accessibilité, shuka mpaka chini kwenye mipango ya ziada, njo utaikuta. Wenye iPhone, ni «Réglages», halafu Accessibilité, halafu fasi ya sauti na picha, «Audio/Visuel», hapo kuna taa ya LED kwa ajili ya simu na ujumbe. Jueni kwamba ku iPhone kuna vifungo vingine vidogo chini yake: kimoja kinaruhusu taa iwake hata simu ikiwa imefunguliwa, kingine iwake hata ukiwa umezima mlio. Kifungo hicho cha pili tunakiomba kwa nguvu, juu mtu asiyesikia mara nyingi amezima mlio, kwake haina faida.

Tecno, Infinix na itel, ambazo njo nyingi kati yetu, haziko namna moja. Kwenye zingine tulizoshika, taa haikuwa ndani ya Accessibilité, ilikuwa ndani ya ile programu ya kupigia simu yenyewe: unafungua fasi ya kupiga namba, unagusa alama ya mipango, unatafuta neno flash. Hiyo kwa kawaida inaangaza simu inayoita peke yake, haiangazi ujumbe. Ukikosa pande zote mbili, juu kabisa ya Paramètres kuna fasi ya kutafuta, andika «flash» uone inakupeleka wapi. Na ukikosa hapo pia, leta simu kwetu, tutatafuta pamoja. Simu ndogo za vitufe tulizojaribu hazikuwa nayo. Kwa hizo tunabaki na mtetemo.

Neno moja kwa vijana, maana tunawajua. Mtaona programu nyingi za bure za kuwasha taa mtu anapopiga. Msiharakishe. Zingine zimejaa matangazo yanayokula megabaiti, na zingine zinaomba ruhusa ya kuona majina yote na ujumbe wote wa mama yako. Kama simu inayo taa yake ndani, hiyo inatosha. Mkikosa kabisa, tuulizeni kabla ya kuweka.

Sasa tuseme ukweli: kuwasha kifungo ni kazi ya dakika moja. Kazi yenyewe ni ile inayofuata, na hapo njo tulikosea wiki za kwanza. Tulimwekea mzee mmoja taa, tukafurahi, tukaenda. Siku tatu baadaye tukampigia, hakupokea. Tulifika kwake tukakuta simu iko juu ya meza, uso juu. Taa ya kamera iko mgongoni. Ilikuwa inawakia meza.

Kwa hiyo: simu ilale uso chini, mgongo juu. Kama unaogopa kukwaruza kioo, weka kitambaa. Nyumbani mchana, iegemeze ku ukuta fasi ambayo macho yako yanapita wakati wa kazi, si nyuma yako. Mama mmoja ameweka yake ndani ya kikombe cha plastiki cheupe, kikombe chote kinawaka kama taa ya karabai, na hiyo tuliipenda kuliko mashauri yetu yote. Angalia pia kile kifuniko cha simu, vingine vinafunika taa nusu. Inje, ku jua kali, usidanganyike, taa haionekani. Na mu mfuko haionekani. Shambani au sokoni ni heri mtetemo, simu ikiwa karibu na mwili, imefungwa kiunoni ndani ya kitenge, si ndani ya kikapu cha ndakala. Taa na mtetemo viwe pamoja, kila kimoja kina saa yake.

Ujumbe ni jambo lingine. Simu ikiita, taa inaendelea mpaka aliyepiga aache. Ujumbe ukiingia, inawaka mara chache tu, halafu basi. Ukikuwa umegeuka, umekosa. Kwa hiyo asiyesikia ajizoeze kufungua simu saa fulani: kabla ya kutoka asubuhi, saa ya kula, jioni. Na kama ujumbe wa WhatsApp hauwashi taa, mara nyingi si taa iliyoharibika. Angalia kama simu haiko mu ile hali ya «Ne pas déranger». Angalia kama WhatsApp imeruhusiwa kutoa taarifa. Halafu angalia ule mpango wa kulinda betri, ambao kwenye simu zingine unailaza WhatsApp mpaka utakapoifungua mwenyewe. Ujumbe haukuingia, taa itajuaje?

Tumefika kwenye upande wa ninyi mnaosikia, maana taa ni nusu tu ya njia. Mtu asiyesikia akiona taa, akashika simu, akaiweka sikioni, atasikia nini? Hakuna. Taa inamwambia kitu kimoja tu: angalia simu yako. Sasa anapoangalia, akute kitu. Tunaomba, na kwa sekretere hatuombi, tunaagiza: piga, acha iite mpaka mwisho, usikate haraka. Halafu andika ujumbe mfupi. Si «nipigie». Tumeona watu wanamwandikia asiyesikia «nipigie»! Andika jambo lenyewe: «Zamu yako ya likelemba imefika, njoo ofisini Alhamisi asubuhi.» Subiri. Kama hajajibu mpaka jioni, tuma mtu.

Na asiyejua kusoma? Nao wako, na hatutawaacha. Hapa tulitumia akili ya zamani ya kubipu. Tangu simu zifike huku tunabipu juu ya kuokoa uniti, sivyo? Basi tumepatana na wanachama hao hivi: bipu moja ya sekretere, njoo ofisini kesho. Bipu tatu zinazofuatana, kaa nyumbani, usitoke, mtu anakuja kwako. Tuliishia hapo. Mmoja wetu alitaka bipu za msiba, za harusi, za mgawo, mpaka zikawa saba, na yeye mwenyewe alizisahau. Mbili zinatosha. Ili mtu ajue kama ni sekretere anayebipu na si mtoto anayechezea namba, tumeweka picha ya sekretere ku jina lake ndani ya simu. Taa inawaka, unageuza simu, unaona sura. Anayesoma na asiyesoma, sura wote wanaijua.

Sasa kuna mambo mawili ya hatari, na hapa tunaomba wote mnyamaze kidogo.

La kwanza ni usiku. Mnajua nyumba zetu, matofali yenye matundu, mlango wenye nafasi chini. Taa ya kamera ni kali, giza likiwa nene inaonekana kutoka barabarani. Usiku wa kawaida si shida, tena usiku njo taa inafanya kazi vizuri zaidi, inagonga mabati na chumba chote kinaamka. Lakini tunajua pia kuna usiku mwingine, ule ambao watu wanazima hata kaa la moto. Usiku huo zima taa ya simu kabla ya giza. Usingoje mpaka mtu akupigie. Weka mtetemo tu, simu chini ya mto au mkononi. Kila nyumba yenye mtu asiyesikia ichague mtu mmoja anayesikia ambaye kazi yake ni hiyo: kuizima na kuiwasha tena. Mtoto mkubwa anaweza. Na ninyi majirani, usiku wa namna hiyo msimpigie mtu wa taa. Nendeni mkamguse bega. Tumelisema hili mbele ya kila kitu kwa wale kumi wa kwanza, na tunalisema tena leo, juu kitu cha kusaidia kisije kikamwonyesha mtu kwa wasiomtakia mema.

La pili ni kifafa. Taa yenye kuwaka na kuzima haraka inaweza kuleta mshtuko kwa baadhi ya watu wenye kifafa. Si wote, ni wachache kati yao, lakini nyumbani huwezi kujua ni nani. Simu zenyewe zinatoa onyo hilo. Kama mu nyumba kuna mtu wa kifafa, au mtoto aliyewahi kuanguka, usiwashe taa hii. Tumia mtetemo, na sisi tutatafuta njia nyingine pamoja nawe.

Tugeukie marafiki wetu wanaotusaidia, maana gazeti hili linawafikia. Wengi wenu ni ndugu zetu wenyewe, mliochukuliwa kutoka Nyarugusu mkapelekwa Marekani na nchi zingine, nasi tukapanda meli ya kurudi. Tunawashukuru kwa simu mnazotuma. Lakini mturuhusu maneno ya ndani ya familia. Simu nyingine zinafika zimefungwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza, hazifunguki, zinabaki mawe ya bei kali. Kabla ya kutuma, ondoa akaunti yako ya Google au ya Apple, halafu ndipo ufute kila kitu ndani. Angalia kama taa ya nyuma inawaka. Kioo chenye ufa si kitu, betri iliyochoka njo shida, maana huku kuchaji ni kulipa. Kama unataka kujua ipi itusaidie zaidi, ni simu yenye Android 14 au zaidi, hata ikiwa ya bei ndogo.

Na kuhusu kupiga. Mukitoka kazini saa kumi na moja ya jioni kule Chicago, huku kwetu ni saa sita au saa saba ya usiku. Mnampigia mama, hapokei, asubuhi tunapata ujumbe: «Mama amenuna?» Mama hakununa. Simu imelala uso juu, au kijana amezima taa juu ya usalama, au mama amelala tu kama watu wengine. Andikeni kwanza ni saa ngapi mtapiga. Na kama mama anaona lakini hasikii, pigeni kwa picha, ya video. Mtaoneshana nyuso. Tunajua inakula megabaiti za pande zote mbili, lakini dakika mbili za uso zinamtosha kuliko nusu saa ya sauti ambayo haimfikii.

Hayo njo tuliyokuwa nayo. Baada ya hapo tuliulizwa maswali, tunaweka machache.

Mzee mmoja aliuliza kama taa hii haitamaliza chaji, maana analipa nyumba ya kuchaji kila siku ya pili. Tulimjibu kama taa ya sekunde chache inakula kidogo sana. Kinachokula ni kioo kukaa wazi na intaneti kukaa wazi siku nzima. Apunguze mwanga wa kioo, ataona tofauti. Alicheka akasema basi wajukuu wake njo wanakula chaji.

Mama mwingine alisema: «Sisi nyumbani simu iko moja, ni ya baba wa watoto. Mimi njo sisikii, lakini simu inatembea naye.» Hilo lilitunyamazisha. Taa haiwezi kusaidia simu ambayo haiko. Tumeandika majina ya wanachama wasiokuwa na simu yao, na kwa hao sekretere hatapiga kabisa: atatuma mtu kwa miguu, na mtu huyo ataongea na mwanachama mwenyewe uso kwa uso, si na mume, si na mtoto. Simu zitakazokuja kutoka kwa marafiki zitaanzia ku orodha hiyo.

Kijana mmoja akauliza, kwa heshima lakini aliuliza: si ni rahisi zaidi kila asiyesikia awe na mtoto wa kumpokelea simu? Kwa nini taabu hii yote ya taa? Kabla hatujajibu, yule mama wa karanga, ambaye mwenzake alikuwa anamwandikia maneno ku karatasi, alinyanyua mkono. Akasimama akasema mtoto wake yuko masomoni mpaka saa nane. Akaendelea: «Na tena mtoto akipokea, yeye njo anajua kwanza kama nimepata pesa, ni ngapi, na nani ananidai. Mimi ninajua wa mwisho mu nyumba yangu.» Halafu akakaa.

Kura ilipigwa. Sheria ya simu tatu imebadilishwa: mwanachama aliyeandikishwa kama hasikii vizuri hatapoteza zamu mpaka mtu amfikie kwa miguu na aweke sahihi au kidole mu daftari. Walioikataa walikuwa wawili, wakasema itachelewesha pesa. Ni kweli, itachelewesha siku moja au mbili. Zamu ya mama wa karanga itakuwa ya kwanza mu mzunguko unaoanza.

Ijumaa tatu zinazofuata, baada ya saa tatu asubuhi, vijana wawili watakaa chini ya mwembe wa ofisi kuwasaidia watu kuweka taa. Ni bure. Leteni simu zikiwa na chaji, na mlete yule mtu wa nyumbani atakayekuwa anaizima usiku.